Imani Mfukoni na Ulimini

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Riruta

Halmashauri ya Chama imetutuma tuseme machache kabla ya kusomwa hesabu za mwaka, nayo imetupa jambo la kusema: jinsi Mkristo apasavyo kuishi imani yake katika mambo ya kila siku, yaani katika yale ayatangulizayo na katika yale ayasemayo. Tumelipokea agizo hilo kwa hofu kidogo, maana ni rahisi mtu kusimama na kuwafundisha wenzake jambo ambalo yeye mwenyewe limemshinda. Kwa hiyo hatutasema kama walimu. Tutasema kama watu wa nyumba moja ambao mvua imewanyeshea, nao wameketi pamoja kutazama paa linavujia wapi. Na tukisema "sisi", msidhani kwamba ni adabu ya msemaji tu. Mtaona mbele kwamba ni sisi kweli.

Katika mji wetu wa Nairobi hakuna njaa ya maneno ya Mungu. Ukienda mjini na kupita katika Bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana, utawakuta wahubiri wamesimama chini ya miti, kila mmoja na kikundi chake, na makarani na vibarua wakiwasikiliza. Ukipanda matatu ya kwenda Kawangware, huenda ukasoma jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma. Jumapili asubuhi, tangu Kangemi hata Waithaka, vipaza sauti vya makanisa hushindana mpaka mtu hajui ni ibada ipi aisikiayo. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini wingu likitanda jioni na mvua ikianza kunyesha, gari lile lile lenye jina la Yesu hupandisha nauli, na mama aliyekuwa akirudi nyumbani na unga wa watoto hana budi kushuka na kutembea katika tope. Nasi tukiona hayo humlaumu kondakta. Lakini je, mwenye gari si mmoja wetu? Mwenye vyumba vya kupangisha amwongezaye kodi mjane, naye amemwombea Jumapili, si mmoja wetu? Na yule apangaye nyanya nzuri juu na mbovu chini, je, si mmoja wetu?

Tukitaka kuijua imani ya mtu, si lazima kumwuliza anasali kanisa gani. Tutazame mambo mawili: kwanza, fedha yake humtangulia nani, pili, jina la jirani likoje kinywani mwake, jirani huyo asipokuwapo. Nabii Hagai aliwakuta watu wa Yerusalemu wakizipamba nyumba zao wenyewe, na nyumba ya Bwana imekuwa gofu, akawafananisha na mtu atiaye mshahara wake katika mfuko wenye matundu. Hakuna mtu wa Nairobi asiyeujua mfuko huo. Naye Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa, tena na cheche iteketezayo msitu. Mfuko na ulimi hutumiwa kila siku, hata siku ambayo hatukuomba wala kusoma Neno, na kwa sababu hiyo havifichi kitu. Ndugu zetu Waislamu walio katika Chama hiki hawatakosa kuona kwamba dini yao nayo yafundisha vivyo hivyo juu ya sadaka na juu ya kusengenya.

Na tuanze na mfuko. Katika Chama chetu, mtu akifa, twajua la kufanya. Kamati huundwa usiku uo huo. Michango huingia kwa simu, mia mbili, mia tano, elfu. Hukodiwa hema, na viti, na basi la kuwapeleka watu nyumbani, iwe ni Vihiga au Murang'a au Machakos. Na mpiga picha hakosi. Jambo hili ni jema. Mtu asizikwe kama asiye na watu wake. Hiyo ndiyo sababu moja iliyowafanya baba zetu waanzishe vyama vya kusaidiana zamani za ukoloni, mji ulipoitaka kazi ya Mwafrika tu, wala usitake kujua akiugua atauguzwa na nani, na akifa atazikwa na nani.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwenzetu mmoja, fundi wa mbao, aliugua miezi saba. Alikuwa akilipwa kwa siku, na siku asiyofanya kazi hakulipwa. Mara tatu mkewe alitujia kuomba fedha za dawa na nauli ya kwenda hospitali, na kwa mara zote tatu alipata kwetu shilingi 4,500. Mumewe alipofariki, kwa muda wa siku sita tulichanga shilingi 187,000. Wazee, hesabu hiyo imo katika vitabu vyetu wenyewe. Tulimpa maiti zaidi ya mara arobaini ya kile tulichompa mgonjwa. Mjane hakulalamika. Siku ya kutushukuru alisema tu kwamba jeneza lilikuwa zuri kuliko kitanda alichougulia mumewe. Baadhi yetu walidhani anatusifu.

Kwa nini tulifanya hivyo? Si kwamba hatukumpenda. Ni kwa sababu mchango wa mazishi husomwa kwa sauti mbele ya watu, na jina la mtu hutajwa pamoja na kiasi alichotoa. Lakini shilingi mia mbili za dawa huingia kimya kimya, wala hakuna apigaye makofi. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka kwa siri. Sisi tumegeuza, tukafanya ya kwamba pasipo kusikika hakuna kutoa. Tena kuna wale wanaotaja elfu tano kwa sauti kuu, wakapigiwa makofi, na mwaka ukaisha kabla fedha hizo hazijafika. Wazee walisema kwamba ahadi ni deni. Mtu aliyeshangiliwa kwa ahadi asiyoitimiza amekopa heshima, naye hajailipa.

Twafaa kukumbuka kwamba waliotutangulia hawakuona haya kuitia imani katika mambo madogo. Mwaka 1923, huko Nyanza, kilianzishwa Chama cha Walipa Kodi cha Kavirondo, akikisimamia Archdeacon Owen wa kanisa la Anglikana. Wanachama wake waliahidi mambo ambayo leo yaweza kutuchekesha: kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti, kutokulewa. Wako waliokilaumu chama hicho kwamba kiliyapunguza makali ya madai ya siasa yaliyokuwa yameanza miaka miwili kabla, na lawama hiyo si ya bure. Lakini fundisho moja linabaki: walijua kwamba mtu aliyebatizwa na asiyechimba choo amemwachia jirani yake ugonjwa. Kwao choo kilikuwa sehemu ya kumpenda jirani.

Tena tusidhani kwamba yale tuyatangulizayo ni fedha tu. Kuna na vyeo. Hapo Kikuyu, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, iko Shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926. Mkuu wake tangu mwaka 1940 mpaka mwaka 1962 alikuwa Carey Francis, Mwingereza, mtaalamu wa hesabu, mtu mkali ambaye si wote waliompenda. Wengi wa waliofundishwa naye wakawa mawaziri na majaji na wakuu wa nchi hii. Basi alipostaafu angaliweza kurudi kwao kupumzika, au kupewa kiti cha heshima mahali po pote. Alikwenda Pumwani, upande wa mashariki wa mji, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko, chini ya mkuu mwingine, mpaka alipokufa mwaka 1966. Twamtaja kwa sababu katika Chama chetu, na katika makanisa yetu, kuna watu walioacha kuja mikutanoni tangu siku waliposhindwa katika uchaguzi wa viongozi. Walikuwa wakikipenda Chama, au walikuwa wakikipenda kiti? Hatulijibu swali hilo kwa niaba ya mtu. Kila mmoja atajijibu nyumbani kwake.

Sasa tutoke mfukoni, tuingie kinywani. Ulimi hauna mfupa, nao huanza kuteleza nyumbani. Mtu aweza kuomba kwa machozi katika ushirika wa Jumatano, kisha akifika kwake amkaripie binti amsaidiaye kazi za nyumba kwa maneno ambayo hangethubutu kumwambia mwajiri wake mwenyewe. Kijana wetu humwita mlinzi wa lango "wewe", na mlinzi huyo ni umri wa baba yake. Asubuhi simu hulia, na mtu aliye bado kitandani Kangemi hujibu kwamba amekwisha kufika Westlands. Twacheka, kwa kuwa sote tumelisema neno hilo. Lakini mtoto aliye karibu nasi husikia, naye hujifunza kwamba baba asaliye husema uongo kabla ya kunywa chai. Bwana Yesu alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Hakutaja kwamba katika simu ni vingine.

Kutoka nyumbani neno hutoka mpaka mtaani, na hapo huweza kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika nchi yetu, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mitaa yetu hii nayo iliguswa. Tena mwezi wa Oktoba 2017, wakati wa uchaguzi wa marudio, Kawangware ilishuhudia majirani wakipigana na mali ikiteketea, na wengine wenu mnayajua majivu hayo kwa macho yenu. Mapanga hayakuanza kunolewa siku ya kura. Yalinolewa miezi mingi mezani petu, tulipokuwa tukila, tukisema kwa lugha ya mama zetu maneno juu ya "watu wale" ambayo tusingeweza kuyasema kwa Kiswahili, kwa sababu jirani angetuelewa. Basi twatoa shauri moja rahisi: neno usiloweza kulitafsiri mbele ya jirani yako, usiliseme hata kwa lugha yako.

Lakini je, Mkristo anyamaze tu? La. Kunyamaza nako huweza kuwa dhambi ya ulimi. Mwaka 1988, chama kilichotawala kilipowachagua wagombea wake kwa kura ya mlolongo, watu wakipangwa mistari nyuma ya wale wawatakao, bila siri yo yote, maaskofu kadha walipinga hadharani: Henry Okullu, David Gitari, Alexander Muge, na Askofu wa Kikatoliki Ndingi Mwana a'Nzeki. Walitukanwa kwa ajili hiyo, wakaambiwa wabaki na mambo ya mbinguni. Angalieni jinsi walivyosema. Walisema mchana, kwa majina yao wenyewe, wakiwaelekea wale waliohusika. Hilo ndilo linalotenganisha ushuhuda na umbea. Mwenye ushuhuda husema mbele ya uso wa mtu. Mmbea hungoja mpaka ametoka chumbani.

Kusema mbele ya uso si jambo geni upande huu wa mji. Mwaka 1937 kikundi cha ndugu kutoka Rwanda kilifika Kabete, wakihubiri habari za Uamsho ulioanza huko Gahini, katika hospitali ya misheni, miongoni mwa wauguzi na wainjilisti. Mzizi mmoja wa Uamsho huo ulikuwa urafiki wa daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda, Simeoni Nsibambi, waliokutana mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Jambo hilo la Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja na kuungamiana halikuwa dogo katika siku zile. Ndugu hao waliliita neno lao "kutembea nuruni". Maana yake mtu hakuungama kwa Mungu tu, kisha akanyamaza. Alikwenda kwa mtu yule yule aliyemkosea. Vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe, madeni ya zamani yakalipwa, na walioacha kuongea wakapatana. Salamu ya "Bwana asifiwe", ambayo leo twaitumia hata kabla ya kuomba mkopo, waliitumia ndugu hao kila walipokutana, na mara nyingi baada yake lilifuata swali: je, moyo wako uko salama na ndugu zako?

Mwaka 1952 ulikuwa mwaka wa Biblia ya Kiswahili cha Muungano, ambayo wengi wetu twaisoma mpaka leo. Na tarehe 20 Oktoba mwaka uo huo ilitangazwa Hali ya Hatari. Wengi wa ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa vile vile kuichukua bunduki ya Serikali. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na wengine wakauawa. Hatusemi hayo ili tuwashutumu waliokwenda msituni kuidai ardhi ya baba zao. Dai lao lilikuwa la haki, na wengi wao nao walikuwa wamebatizwa. Twasema hayo kwa sababu wale ndugu walijua neno la midomo lina uzito gani, hata wakaona afadhali kufa kuliko kutamka lile wasiloliamini. Wala hawakuwa malaika. Kuungama kwingine kuligeuka kuwa desturi, na wengine walikuwa wepesi wa kuwahesabu wenzao kuwa hawajaokoka. Lakini jambo moja walilishika vema, nalo ni hili: ukimkosea mtu, njia ya kwenda kwa Mungu hupita mlangoni kwa mtu huyo.

Ndugu, hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu wenyewe. Wengi wenu mwakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita, vitabu vilipokaguliwa, ilionekana kwamba shilingi 31,500 hazina stakabadhi. Mtunza hazina wetu wa wakati ule alieleza kwamba fedha hizo zilitolewa usiku, kwa amri ya halmashauri, ili kulipia jeneza na gari kwa mazishi ya mtoto wa mwanachama, na kwamba alimkabidhi mmoja wa wanakamati azipeleke. Mwanakamati huyo alikuwa amekwisha kusafiri kwenda kazini nchi za nje, na simu yake haikupatikana. Mtunza hazina alieleza mara moja, akaeleza mara ya pili. Hatukumsikiliza. Tulikuwa tumekwisha kuona kwamba anajenga vyumba viwili huko Uthiru.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mkutanoni akamwita mwizi. Laiti tungalifanya hivyo, angalijibu. Tulisema katika gari tukirudi nyumbani. Tulisema mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Tuliandika katika kundi letu la simu maneno ya mafumbo juu ya saruji na mabati, na wengine wakatia alama za kicheko. Kila mtu alisema kidogo tu, wala hakuna aliyejiona kuwa mwongo. Yule mzee alipoona hivyo, aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akalipa shilingi 31,500 zote, akaiacha kazi, wala hakuonekana tena mikutanoni. Nasi tukasema: "Mwaona, amelipa, asiyekosa halipi." Ndivyo unyofu wake wenyewe ulivyogeuzwa kuwa ushahidi juu yake.

Miezi kumi na mmoja baadaye, wakaguzi wa hesabu walipokuwa wakipanga vitabu vya zamani, waliikuta stakabadhi ya jeneza na ya gari imewekwa katikati ya kurasa za kitabu kilichokwisha kutumika. Tarehe ilikuwa ile ile. Fedha ilikuwa ile ile, hata shilingi ya mwisho. Tulipoiona tulinyamaza. Na tuseme kweli: tulinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyotupasa. Ulimi uliokuwa mwepesi kusema neno la uongo ulikuwa mzito sana kulifuta. Baadhi yetu walishauri fedha zirudishwe kwa simu, na jambo liishe.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, watatu kati yetu tulikwenda Uthiru. Alitukaribisha, akatuketisha, mkewe akaleta chai. Tukamwambia neno letu pasipo kulipamba. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ng'ombe hakumwuma sana, kwa kuwa ng'ombe hununuliwa. Kilichomwuma ni kwamba mwanawe wa mwisho aliacha kwenda shule ya Jumapili, kwa sababu watoto wenzake walimwuliza baba yake aliiba ngapi. Watoto hao walilisikia wapi neno hilo, kama si nyumbani mwetu? Tukamwuliza atakalo tufanye. Hakutaka fidia. Alitaka jambo moja: kwamba neno lile lifutwe pale pale liliposemwa, na mbele ya wale wale waliolisikia.

Basi, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, twalifuta leo. Mbele yenu nyote twatangaza ya kwamba mtunza hazina wetu wa zamani hakuchukua hata senti moja ya Chama. Tuliomsema ndio tuliokosa, na katika hao msemaji huyu yumo. Maneno haya haya yatapelekwa jioni hii katika kundi letu la simu, na yatapigwa chapa katika kijitabu cha taarifa ya mwaka, ili yadumu kuliko mafumbo yetu. Shilingi 31,500 zimekwisha kurudishwa. Zakayo alipotubu aliahidi kurudisha mara nne. Sisi hatuna fedha ya kumrudishia mtu jina lake, na kwa hiyo kila mmoja aliyelisema neno lile kwake nyumbani na alifute huko kwa mdomo wake mwenyewe, watoto wakisikia.

Ili toba yetu isiishe katika hotuba, halmashauri italeta mbele yenu maazimio matatu, nasi twaomba myapime kwa makini. La kwanza, robo ya kila mchango wa mwezi itengwe kwa ajili ya wagonjwa, nayo itengwe kwanza, kabla ya matumizi mengine yo yote. Na kila mgonjwa atembelewe na wawili, wakiwa na fedha mkononi. La pili, michango isisomwe tena kwa majina. Isomwe jumla peke yake, na aliyeahidi atimize kabla mwezi haujaisha, au aje aseme kwamba ameshindwa, wala asiaibishwe kwa kusema hivyo. La tatu, mwenye shaka juu ya mwenzake, iwe ni shaka ya fedha au ya mwenendo, aende kwanza kwa mtu mwenyewe. Asipotosheka arudi kwake na wazee wawili. Kisha ndipo neno lifike kwenye halmashauri. Kabla ya hapo lisiandikwe wala lisinong'onwe. Hatukulibuni azimio hili. Ni utaratibu ambao Bwana wetu aliwapa wanafunzi wake, nasi tumekuwa tukiuruka kwa sababu ya uvivu na woga.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi ina shida kubwa kuliko stakabadhi ya jeneza. Ni kweli shida ni kubwa. Lakini sisi hatukupewa nchi nzima tuitunze. Tumepewa watu hawa, mfuko huu, na maneno tutakayosema tangu hapa mpaka tufike nyumbani leo jioni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wa kale. Sisi tumejikwaa, na mwenzetu ndiye aliyeumia.

Mwisho, tuna habari ya furaha. Mzee wetu amekubali kuja leo. Kazi ya hazina hataki tena, wala hatumlaumu. Lakini amekuja kama mwanachama, ameketi pale nyuma karibu na mlango, na mwanawe yuko pamoja naye. Twawaomba wazee wa mbele wamsogezee kiti. Baada ya hapo hesabu zitasomwa, naye ataweza kuzisikia vema.